Kupotea si kupotezwa: yasemwayo barazani kuhusu waliochukuliwa na jeshi la Brazil

Haloo yangu, dada wa mama, alikuja kutoka Wete, na usiku wake wa pili tukamwekea filamu ya Brazil iitwayo Ainda Estou Aqui, maana yake Bado Nipo. Mwongozaji ni Walter Salles, ilitoka mwaka 2024, na Machi 2025 ikapata Oscar ya filamu bora ya kimataifa. Watoto walikuwa wamelala, umeme haukutusumbua, na mpwa wangu kakaa ubavuni mwa haloo akimsomea maandishi ya chini kwa Kiswahili. Pakafika mahali mke, Eunice, anakwenda benki kutoa fedha za nyumbani. Anaambiwa saini ya mume inatakiwa. Mume kachukuliwa na wanajeshi, na jeshi linasema halinaye. Haloo akauliza, "Sasa huyu eda ataikaa lini?"

Tukanyamaza, hapana aliyekuwa na jibu. Kesho yake jioni filamu ikafika barazani pamoja na kahawa, na hapo nikasikia maneno mengi yakisemwa kwa uhakika mkubwa na yasiyo kweli. Sikuweza kuyaacha yapite.

"Kupotea ni kupotea tu, maiti haikuonekana, basi."

Hili alilisema mtu mzima ninayemheshimu, na ndilo lililoniuma zaidi. Kiswahili chenyewe kinalikataa. Mbuzi hupotea, mtoto hupotea sokoni Darajani, ngalawa hupotea. Ukisema mtu kapotezwa, lazima yupo aliyempoteza.

Sisi wa visiwani tunajua kupotea kulivyo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na wengi miili yao haikupatikana mpaka leo. Lakini chombo tulikijua, usiku tuliujua, mkondo uliowachukua tuliujua. Watu wakaswali swala ya ghaibu, hitima zikasomwa, wajane wakakaa eda, mirathi ikagawiwa. Bahari haikumwambia mtu yeyote kwamba mwanawe hakupanda meli ile.

Aliyepotezwa ni mwingine kabisa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa Desemba 2006 na kuanza kufanya kazi Desemba 2010 unaeleza hivi: mtu anakamatwa na watumishi wa serikali, au na watu wanaotenda kwa ruhusa yake, kisha serikali inakana kuwa naye au inaficha aliko, na yeye anabaki nje ya ulinzi wa sheria. Kule kukana ndiko kunakoibeba dhambi yote. Mwaka 1979 Jenerali Videla, mtawala wa kijeshi wa Argentina, alipoulizwa na waandishi wa habari kuhusu watu hao, alijibu kuwa aliyepotea hayupo, si maiti wala si hai. Alidhani anajitetea.

Na fiqhi yetu ilimjua mtu huyu tangu zamani, ikamwita mafqud. Imamu Malik, akifuata hukumu ya Sayyidna Omar, alimwekea mke miaka minne ya kungoja, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi. Wanazuoni wengine wamesema vingine, na kadhi ndiye wa kuulizwa. Ninachotaka kionekane ni kuwa hata wazee wale waliona mke hawezi kuachwa katikati, si mjane wala si mwenye mume, bila mtu wa kumkatia neno. Eunice alikaa katikati kwa miaka 25.

"Hawamchukui mtu bure, hakosi alikuwa na lake."

Kauli hii huwa ya kwanza kutoka mdomoni, na hutoka kwa woga: tukiamini kuwa alikuwa na lake, basi sisi tusio na letu tumesalimika. Mwenyewe nimewahi kuisema juu ya jirani, na naijutia.

Rubens Paiva, mume wa Eunice katika mkasa huu wa kweli, alikuwa mhandisi, baba wa watoto watano, umri miaka 41. Aliwahi kuwa mbunge, na kiti chake kilifutwa mwaka 1964 jeshi lilipopindua serikali. Tarehe 20 Januari 1971 watu wenye silaha, wamevaa nguo za kiraia, walikwenda nyumbani kwake Leblon, Rio de Janeiro, hatua chache kutoka ufukweni. Walikuwa wamezikamata barua zilizotumwa kwake na Wabrazil waliokimbilia Chile. Barua tu. Alivaa vizuri, akaendesha gari yake mwenyewe kuwafuata. Siku ya pili wakamchukua mkewe na binti wa miaka 15. Binti walimshika siku moja, mama siku 12. Hao walikuwa na lao lipi?

Argentina ilizidi. Wanawake waliokamatwa wakiwa waja wazito waliachwa mpaka wajifungue, kisha wakauawa, na watoto wakagawiwa kwa familia nyingine, nyingi zikiwa za watu wa utawala ule ule. Mabibi wa watoto hao, wanaojulikana kama Mabibi wa Plaza de Mayo, wanakadiria watoto kuwa 500, na kwa vipimo vya damu wamewapata zaidi ya 130. Mtoto mchanga hana siasa.

"Walikuwa watu wasiojulikana."

Maneno haya tunayatumia sana siku hizi hapa kwetu na Bara, mpaka yamekuwa kama jina la kabila. Naomba tuyatazame vizuri katika mkasa wa Paiva, maana wachukuaji walijulikana mapema, na kilichowajulisha ni makaratasi.

Eunice alipoachiwa, aliiona gari ya mumewe uani mwa kambi ile ile ambayo jeshi lilisema hakufikishwa. Familia ikaidai gari, ikapewa, na pamoja na gari ikapewa stakabadhi yenye saini. Mtu hayupo, gari yake ipo, na risiti ipo. Jeshi likatunga kisa: eti alikuwa akihamishwa usiku ndani ya Volkswagen, wenzake wakaivamia gari njiani, wakaichoma moto, naye akakimbia nao. Kisa hicho kilisimama kwa miongo kadhaa. Novemba 2012 kanali mmoja mstaafu aliuawa mjini Porto Alegre, na nyumbani kwake pakakutwa karatasi ya kumpokea Paiva kambini, pamoja na orodha ya vitu alivyokuwa navyo. Mwaka 2014 afisa mstaafu aliyekuwamo katika ile "kuvamiwa" alikiri kuwa ilikuwa maigizo, gari waliichoma wenyewe. Mwaka huo huo waendesha mashtaka wakawashtaki wanajeshi watano kwa majina yao.

Nimelirefusha hili kwa makusudi. Anayepoteza watu hufanya kazi ya ofisi: anaandika, anapiga muhuri, anaweka faili, anaomba mafuta ya gari. Kwa hiyo anayesema "hawajulikani" inafaa aulizwe kama amekwenda kutafuta ile stakabadhi.

"Udikteta wa kijeshi ni fujo, hauna sheria wala Bunge."

Brazil ya majenerali, kuanzia 1964 hadi 1985, ilikuwa na Bunge kwa muda mwingi, ikawa na vyama viwili vilivyoruhusiwa, na marais wa kijeshi watano waliopokezana kwa zamu. Amri iliyobana kuliko zote, ya tarehe 13 Desemba 1968, ilisainiwa mezani na mawaziri, ikachapishwa magazetini. Ilifuta haki ya mtu aliyekamatwa kwa makosa ya kisiasa kufikishwa mbele ya hakimu. Mlango aliopitishiwa Paiva ulifunguliwa kwa kalamu.

"Filamu imeficha mateso, hata kofi hatukuliona."

Kijana mmoja barazani alilalamika hivyo kwa dhati, na namwelewa, kwa sababu tumezoezwa kuona damu ndiyo tuamini. Ni kweli mume haonekani akiteswa. Tunabaki na mke ndani ya chumba kisicho na dirisha, anasikia makelele ya watu kupitia ukutani, anaoneshwa albamu ya picha, atazame moja moja awataje anaowajua. Tukimwacha mume anakopelekwa, tunakuwa kama familia yake: hatujui. Kwa maoni yangu huo ndio uaminifu wa filamu hii. Laiti tungeoneshwa alivyokufa, tungekuwa tumepewa kitu ambacho Eunice hakupewa.

Kuna pale mpiga picha wa jarida anapokuja kuipiga familia, na mhariri anataka nyuso za huzuni. Eunice anawaambia wanawe wacheke. Wengine wamesema mama huyu hana uchungu. Haloo alimwelewa kabla mpwa wangu hajamaliza kumsomea. "Hataki wamuone amevunjika," akasema. Fernanda Torres, aliyeuigiza uso huo, alipata tuzo ya Golden Globe Januari 2025, na Eunice wa uzeeni aliigizwa na mama yake mzazi, Fernanda Montenegro.

"Miaka imepita, kesi imekufa."

Imekufa wapi? Kwa mkataba ule, kupoteza mtu ni kosa linaloendelea mpaka ijulikane aliko au alivyofanywa. Kila siku ya kimya ni siku mpya ya kosa. Kinachozuia ni mambo mengine. Brazil ilitunga sheria ya msamaha Agosti 1979, ikawafunika na waliotesa, na mwaka 2010 mahakama yake kuu ikaikubali iendelee, ndiyo maana wale watano hawajahukumiwa. Argentina nayo ilitunga sheria za kufunga kesi katikati ya miaka ya 1980, lakini mwaka 2005 mahakama kuu ikazibatilisha, na wazee wakaanza kuitwa kizimbani. Muda ulikuwa ule ule. Tofauti ilikuwa nani kakubali na nani kakataa.

"Hayo ya Amerika Kusini, sisi yanatuhusu nini?"

Zanzibar haikutawaliwa na majenerali, na sitaki kulazimisha mifano. Lakini tusijifanye wageni wa jambo hili. Abdulla Kassim Hanga, aliyekuwa miongoni mwa wakubwa wa serikali ya Mapinduzi, na Othman Shariff, aliyewahi kuwa balozi, walirudishwa hapa kutoka Bara mwaka 1969 na hawakuonekana tena. Waliuawa. Makaburi yao hayajulikani. Hawakuwa wao peke yao, na zipo nyumba mjini na shamba ambamo hitima ya mtu husomwa kwa tarehe ya kukisia. Watu wa nyumba hizo hawahitaji kusomewa maandishi ya chini.

Narudi kwa haloo. Filamu ilipofika mwaka 1996, Eunice, ambaye kwa wakati huo alikwisha kusoma sheria na kuwa wakili, anakabidhiwa cheti cha kifo cha mumewe, baada ya serikali kupitisha sheria Desemba 1995 ya kuwatambua waliopotezwa kuwa wamekufa. Anakiinua mbele ya waandishi wa habari, anatabasamu.

"Kimeandika kafa kwa nini?" haloo akauliza.

Hakikuandika. Kilisema tu kuwa hajaonekana tangu 1971. Januari 2025 ndipo cheti kilipoandikwa upya, kuwa kifo hakikuwa cha kawaida, kilikuwa cha kutendwa kwa nguvu, na aliyekisababisha ni dola la Brazil. Eunice alikuwa amefariki Desemba 2018.

Haloo akamwambia mpwa wangu amrudishie pale mama anapokiinua kile cheti. Akamrudishia mara mbili.