Povu likikoma, bia imeiva? Dhana potofu kuhusu kuchachusha bia nyumbani

Anayepika bia ya shayiri nyumbani humaliza karibu siku nzima jikoni: kuloweka kimea katika maji ya nyuzi 65 hivi, kuchuja, kuchemsha saa nzima pamoja na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), kupoza. Kisha anatia hamira, anafunika ndoo na kwenda zake. Hapo ndipo bia nyingi huharibika, maana kilichopikwa hadi wakati huo ni maji matamu tu. Hamira ndiyo inayoyageuza kuwa bia, na hamira ni kiumbe hai chenye masharti yake.

"Weka ndoo penye joto, bia iive upesi."

Hakuna dhana inayoharibu bia zaidi ya hii, hasa kwetu Pwani. Kweli, kwenye joto hamira hufanya kazi mbio. Lakini ikienda mbio hivyo huzalisha pia vileo vizito vinavyounguza koo, na harufu kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Hamira nyingi za eli, bia zinazochachushwa kwenye joto la wastani, hupenda nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi. Za laga, bia zinazochachushwa kwenye baridi, hupenda 8 hadi 13.

Tena hamira inapokula sukari hutoa joto lake yenyewe. Siku za mwanzo, ndoo ya lita 20 inaweza kuzidi joto la chumba kwa nyuzi 3 hadi 5. Chumba kikiwa na nyuzi 28, kama ilivyo kawaida Dar es Salaam, hamira inaogelea kwenye 32. Kipimajoto cha ukutani hakikuonyeshi hilo. Kibandike ubavuni mwa ndoo, kisha ukifunike kwa kitambaa kilichokunjwa ili kisome joto la bia badala ya joto la hewa.

Siku tatu za kwanza ndizo za kulindwa kuliko zote, kwa kuwa ladha nyingi mbaya huzaliwa wakati huo. Chukua beseni kubwa, simamisha ndoo ndani, jaza maji hadi nusu ya kimo chake, tumbukiza chupa za maji yaliyogandishwa, uzibadilishe asubuhi na jioni. Kule bara kwenye hewa kavu, kitambaa chenye maji na feni husaidia sana. Pwani hewa ina unyevu mwingi, kwa hiyo njia hiyo huwa dhaifu. Kasi ya kuchachuka ikipungua, acha joto lipande kidogo. Hamira itasafisha daiasetili, ile harufu ya siagi ambayo yenyewe iliitoa mwanzoni.

Asiye na friji asikate tamaa. Wakulima wa magharibi mwa Norwe wametunza kwa vizazi hamira iitwayo kveik, inayofanya kazi vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 40 bila kuacha ukali huo. Kwa mpishi wa Tanga au Mombasa, naona hiyo ndiyo hamira ya kuanzia.

"Povu likikoma, tia kwenye chupa."

Dhana hii ni ya hatari, si ya ladha tu. Kile kimrija chenye maji kwenye mfuniko kinaweza kunyamaza kwa sababu mfuniko unavujisha hewa, au kwa sababu usiku baridi imepoza ndoo na hamira ikalala. Kinaweza pia kuendelea kububujika baada ya kazi kwisha, kwa kuwa joto la mchana hufukuza gesi iliyoyeyuka ndani ya bia. Chombo cha kuamini ni haidromita, kipimo kinachoelea kinachoonyesha uzito wa bia ukilinganishwa na wa maji: maji ni 1.000, na sukari ikiliwa namba hushuka. Bia iliyoanza 1.050 kwa kawaida hushuka hadi karibu 1.010, ipime, uipime tena baada ya siku mbili au tatu, na kipimo kikiwa kilekile basi imemaliza.

Ukiifunga ikiwa 1.020 bado, umeacha takriban gramu 20 za sukari katika kila lita. Sukari ya kutia gesi kwenye chupa huwa gramu 6 au 7 tu kwa lita. Chupa ya kioo iliyobeba mara tatu ya kiasi hicho inaweza kupasuka, na vigae vyake hujeruhi vibaya.

"Nimeosha kwa sabuni, yatosha."

Sabuni huondoa uchafu, bali vijidudu vingi hubaki. Chochote kitakachogusa bia baada ya kuchemshwa kitiwe dawa ya kuua vijidudu, kwa mfano ile ya iodini inayotumika kwa vyombo vya maziwa, kwa vipimo vya kwenye kifungashio. Vyombo vya kabla ya kuchemsha vikiwa safi inatosha.

"Mbege haitiwi hamira, basi hata hii itajichachua."

Mbege ya Wachagga ina hamira, ila haitoki dukani. Inakuja na ndizi, ulezi na hasa vyombo vilivyotumika kwa pombe iliyotangulia, na inafuatana na bakteria wanaoleta ule ukali unaotakiwa. Huo ni ufundi wake na una heshima yake. Maji ya kimea yakiachwa hivyo nayo yatachachuka, lakini ukali huo huenda usiwe ulioutaka. Ndiyo maana mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, alitenga hamira safi kutoka seli moja: bia za kiwanda zilikuwa zikiharibiwa na hamira za porini.

"Bia ya nyumbani ina methanoli, inapofusha."

Kuchachusha nafaka hutoa methanoli, kileo chenye sumu, kidogo mno, isiyodhuru. Vifo tunavyovisikia, kama vya makumi ya watu nchini Kenya mwezi Mei 2014, vilitokana na pombe iliyotiwa methanoli ya viwandani. Bia ya shayiri iliyoingiliwa na vijidudu itanuka siki au itakuwa na utando juu yake. Hiyo imwage, uoshe ndoo, na uikague kama ina mikwaruzo ndani, maana vijidudu hujificha humo. Ikiwa nayo, itumie kwa kazi nyingine na ununue mpya.