Je, wajua kwa nini kompyuta iliyowaka vizuri jana hukataa kupigwa Windows, yaani kuwekewa mfumo huo upya, leo?

Mama mmoja mwenye duka la steshenari hapa Morogoro aliniita jioni moja. Kompyuta yake ya mezani, ile anayochapia mitihani ya walimu na barua za watu, ilikuwa imepigwa Windows mara nne siku hiyo, na mara zote nne ikagoma katikati. Fundi aliyemtangulia alishaondoka. Alikuwa ameacha flashi kwenye tundu na maneno machache: "Imekufa hii, mama, tafuta nyingine."

"Shikamoo mama. Iligomea wapi?"

"Marahaba mwanangu. Mara ya kwanza asilimia 37. Ikaja 61. Halafu 12. Ya mwisho hata sikuangalia, nilishachoka."

Mama huyu hakujua kwamba ametaja jibu. Namba zile tatu ndizo zilizoniambia nifungue nini na nisiguse nini. Ili kuelewa kwa nini, inabidi kwanza tuone kinachofanyika ndani ya sanduku lile tunaposema tunapiga Windows.

Wengi hudhani ni kunakili mafaili kutoka kwenye flashi kwenda kwenye diski, basi. Kumbe ni mbio za kupokezana vijiti. Anayeanza ni programu ndogo inayokaa kwenye ubao mama, ule mafundi wanaouita mazabodi. Zamani programu hiyo ilikuwa BIOS, siku hizi ni UEFI. Inaitambua flashi, inasoma mafaili machache ya mwanzo, inakabidhi. Inayopokea ni Windows ndogo ambayo haikai kwenye diski yoyote: imepandishwa nzima kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na kupewa herufi X. Hiyo ndiyo inayokuuliza lugha, inayokuonyesha diski, na inayokunjua mafaili yaliyobanwa na kuyaandika mahali pake. Ikimaliza, kompyuta inajizima na kujiwasha, ndipo Windows yenyewe, iliyo kwenye diski, inapokea kijiti cha mwisho.

Ndiyo maana kauli ya "lakini jana ilikuwa inawaka" haisaidii sana. Windows ya zamani iliishi kwenye diski kwa miaka, ikizunguka kwenye mafaili yale yale na kutumia RAM kidogo kidogo. Kazi ya kupiga upya inavuta gigabaiti kadhaa kutoka kwenye flashi, inazipitisha zote kwenye RAM na kuzimwaga kwenye diski, kwa mkupuo mmoja. Kifaa kilichokuwa kinachechemea bila mtu kujua, hapa kinaanguka. Na kwa kuwa kila hatua ina mwenyewe, ninapoitwa ninaanza kwa kuuliza kijiti kilikuwa mkononi mwa nani pale mambo yaliposimama.

Kama kompyuta haikufika hata kwenye kuuliza lugha, kijiti hakijatoka kwenye ubao mama. Hapo tatizo kubwa ni lugha mbili za diski, yaani namna mbili za kuandika jedwali la mgawanyo wake. Ya kwanza, MBR, ilikuja na DOS 2.0 mwaka 1983. Inahesabu vipande vya diski kwa namba ya biti 32, na kwa vipande vya baiti 512 hesabu hiyo inaishia kwenye terabaiti 2 hivi. Ya pili, GPT, ilikuja pamoja na UEFI na haina kizuizi hicho. Windows ina msimamo hapa: ukiiwasha kwa njia ya UEFI inataka diski ya GPT, ukiiwasha kwa njia ya zamani inataka MBR. Haichanganyi.

Sasa tazama mtego ulipo. Ukibonyeza F12 au F9, kutegemea aina ya kompyuta, ile orodha ya kuchagua pa kuwakia mara nyingi inaonyesha flashi moja mara mbili: mstari mmoja umeanza na neno UEFI, mwingine hauna. Ni flashi ile ile, lakini ni milango miwili. Ukipitia mlango usiolingana na diski, utafika hadi kwenye orodha ya diski, utaiona diski yako, kisha utaambiwa Windows haiwezi kuwekwa hapo. Watu wamefuta diski nzima kwa sababu ya ujumbe huo, wakati dawa ilikuwa kuzima, kuwasha, na kuchagua ule mstari mwingine.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona picha za harusi na daftari za mahesabu zikipotea hivyo. Ile amri ya `clean` ndani ya `diskpart`, programu ya Windows ya kugawa diski, inayotajwa kila mahali kama tiba ya kosa hili, inafuta jedwali lote la diski bila kukuuliza mara mbili. Kabla ya kuigusa, fanya hivi. Ukiwa kwenye ile Windows ndogo, bonyeza Shift na F10 kwa pamoja. Litafunguka dirisha jeusi. Andika `notepad`, kisha nenda kwenye menyu ya kufungua faili na uchague kuona mafaili ya aina zote. Dirisha lile la kuchagua faili linakuonyesha diski zote, na ndani yake unaweza kubonyeza kitufe cha kulia, kunakili folda na kuzibandika kwenye flashi nyingine. Ni njia ya kizamani, inakwenda polepole na haikuonyeshi imefika wapi, lakini imeokoa vitu vya watu wengi.

Kuna kosa jingine ambalo nadhani ndilo la ajabu kuliko yote. Kompyuta inawaka kutoka kwenye flashi, inaonyesha rangi za Windows 7, halafu inakuambia haioni kifaa ilichotokea, inaomba draiva, programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa. Wakati huohuo mausi na kibodi vimeganda. Vipi flashi iliyoiwasha igeuke kuwa haionekani? Ni kwa sababu ya kijiti. Ubao mama unazijua tundu zake zote za USB, kwa hiyo unasoma flashi bila shida. Ukishakabidhi, Windows ndogo inatumia draiva zake yenyewe, na Windows 7 ilitoka mwaka 2009 ikiwa haina draiva za USB 3.0 ndani yake. Inafumbua macho na kukuta mlango iliopitia hauko kwenye ramani yake. Kwenye kompyuta nyingi za miaka ile unahamisha flashi na kibodi kwenye tundu za USB 2.0, zile ambazo kwa kawaida hazina ulimi wa buluu, na kazi inaendelea. Kwenye mbao mama za Intel za kuanzia mwaka 2015 hivi ujanja huo umekufa, maana tundu zote zinapita kwenye kidhibiti kimoja kipya. Huko ni lazima draiva ziingizwe ndani ya flashi kabla ya kuanza.

Ndugu wa tatizo hilo ni diski kutoonekana kabisa kwenye orodha, ilhali ukiingia kwenye mipangilio ya ubao mama unaiona imeandikwa pale. Hapo diski imewekwa nyuma ya RAID, mpango wa kuunganisha diski kadhaa kama moja, au, kwa kompyuta za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, nyuma ya kitu kinachoitwa VMD. Ama upakie draiva yake ama urudishe mpangilio kwenye AHCI, njia ya kawaida ya kuongea na diski.

Turudi kwenye flashi yenyewe, maana huku kwetu ndiyo mshukiwa mkubwa. Sokoni kuna flashi zilizoandikwa gigabaiti 64 ambazo ndani zina 8 tu. Kidhibiti chake kimefundishwa kusema uongo. Ukinakili mafaili yanaingia yote, hakuna malalamiko, lakini yaliyozidi uwezo wake yanaandikwa juu ya yale ya mwanzo au yanapotea. Windows ikija kuyasoma inakuta uchafu, inatoa namba 0x80070570. Namba hizo zinatisha bure. Zile tarakimu 8007 za mwanzo zinasema tu kwamba hili ni kosa la kawaida la Windows, na 570 ya mwisho, ukiigeuza kuwa hesabu yetu ya kawaida, ni 1392: faili au folda imeharibika, haisomeki. Ipime flashi kwa programu kama H2testw, inayoijaza yote kisha inasoma ilichoandika. Ikiongopa utajua.

Jambo dogo hapo hapo. UEFI husoma flashi ya FAT32, na FAT32 haikubali faili linalofika gigabaiti 4. Faili kubwa la Windows, linaloitwa install.wim, siku hizi mara nyingi linapita kiwango hicho. Ukinakili kwa mkono litakataliwa, na ukiruka ule ujumbe utakuwa na flashi inayowaka vizuri lakini haina Windows ndani. Tumia Rufus, programu ya kutengeneza flashi za kuwashia, au programu ya Microsoft yenyewe. Zote mbili zinajua kulikwepa hilo.

Sasa zile asilimia. Faili likiwa bovu kwenye flashi, huwa bovu mahali pale pale. Windows ikifika pale inagoma, ukirudia inafika pale pale inagoma tena. Asilimia 37 leo, asilimia 37 kesho. Hapo badilisha flashi, au lishushe upya faili la ISO, lile lililobeba Windows nzima, na ulinganishe alama yake ya SHA-256 na ile iliyotangazwa na wenye nalo. Lakini kama kituo kinahamahama, mara 37, mara 61, mara 12, faili halina kosa. Kilicho kibovu ni kitu ambacho data inapita, na kila safari inapita sehemu nyingine. Kuna washukiwa wawili hapo: RAM na waya wa SATA unaounganisha diski.

Sikuigusa flashi ya yule fundi. Nilifungua kifuniko cha kompyuta ya mama, nikapuliza vumbi, nikabadilisha waya wa SATA kwa sababu ndiyo kazi ya dakika moja. Ikagoma kwenye 44. Kulikuwa na vijiti viwili vya RAM, kila kimoja gigabaiti 4. Nikavitoa, nikasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli nilichopewa pale pale dukani, nikavirudisha. Ikagoma kwenye 19. Nikaacha kijiti kimoja tu. Ikapita 37, ikapita 61, mama akavuta kiti akakaa. Ilipofika 100 alishusha pumzi.

Kijiti nilichokitoa nilikipima usiku kwa Memtest86+, programu inayowaka peke yake kutoka kwenye flashi bila kuhitaji Windows. Mistari myekundu ilianza kabla chai haijapoa.

Kazi haikuishia hapo. Asubuhi yake mama alinipigia tena: kompyuta inasema haioni mfumo endeshi wowote. Usiku umeme ulikuwa umekatika. Nilipofika nikaingia kwenye mipangilio ya ubao mama na kukuta tarehe imerudi nyuma miaka mingi. Ile betri bapa kama sarafu, CR2032 ya volti 3, ilikuwa imekwisha. Umeme ukiwapo ukutani haikujulikana. Umeme ulipokatika ubao mama ulisahau kila kitu na kurudi kwenye njia ya zamani ya kuwasha, wakati Windows tuliiweka kwa njia ya UEFI. Hakuna kilichoharibika. Nilibadilisha betri, nikarudisha UEFI, nikaweka tarehe sahihi, maana tarehe ikiwa ya uongo hata tovuti salama zinakataa kufunguka. Betri inauzwa bei ya vocha, na kwa kompyuta yoyote iliyokwisha tumika mahali pengine kabla ya kufika kwako, ningeibadilisha kabla ya kupiga Windows.

Kuhusu Windows 11, jua tu kwamba ipo migomo ambayo si kosa. Inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), UEFI yenye Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka), RAM ya gigabaiti 4 na kichakato (CPU) kilicho kwenye orodha yake, ambacho kwa Intel kwa kawaida ni kizazi cha 8 na kuendelea. Kuna njia za kuzunguka baadhi ya masharti hayo, ila toleo la 24H2 limeongeza ukuta usiozungukwa: kichakato kisicho na amri za SSE4.2 hakiliwashi kabisa, na hapo ndipo Core 2 Duo zote, vichakato vya zamani vya Intel, zinabaki nje. Windows 10 nayo ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashine kama hizo mimi huweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, na LibreOffice yake, programu ya kuandikia kama Word, inachapa mtihani vizuri kabisa.

Kompyuta ya mama ilikuwa ya kizazi cha 8, kwa hiyo Windows 11 iliikubali bila ubishi. Kwa gigabaiti 4 peke yake ilikuwa inajikokota, ikichukua muda kufungua Word. Wiki iliyofuata alinunua kijiti kingine, na safari hii alinipigia kabla ya kulipa, akitaka nimwambie kama ni RAM ya aina ya DDR3 au DDR4.