Kiti cha umeme cha gari kikigoma, usianze na mota

Dhana: Kiti hakisogei, basi mota imeungua.

Hii ndiyo inayowaingiza watu hasara. Kiti kimoja huwa na mota kadhaa: ya kwenda mbele na nyuma, ya kupanda na kushuka, ya kulaza mgongo. Ni nadra zife zote kwa mpigo. Kwa hiyo bonyeza swichi zote kwanza. Ikiwa hakuna kinachoitika, tatizo liko kwenye njia ya pamoja: fyuzi, waya wa moto unaoingia kwenye kiti, au ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari. Ikiwa ni upande mmoja tu, yaani kinakwenda mbele lakini hakirudi, angalia kama kuna kitu kimekwama relini, kisha ishuku swichi. Mota ni ileile kwa pande zote mbili. Swichi ndiyo inayogeuza chanya na hasi. Na ukisikia mota inavuma huku kiti kimetulia tuli, achana na umeme kabisa. Hapo meno ya gia yamelika au kebo ya kuzungusha imekatika.

Dhana: Mita imesoma volti 12, kwa hiyo umeme unafika.

Hapa hata mafundi wazuri hunaswa. Mita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo waya uliobaki na uzi mmoja mzima bado utaonyesha 12. Mota ikidai nguvu, volti zinaporomoka. Pima plagi ikiwa imechomekwa, ukigusa kwa nyuma, huku mwenzako amebonyeza swichi. Halafu pima ethi: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa ethi unaoingia kwenye swichi, swichi ikiwa bado imebonyezwa. Mita inapaswa kuonyesha karibu na sifuri. Ikisoma volti 3 au 4, usinunue mota; fuata waya huo hadi pale ulipofungwa kwenye bodi, ukwangue kutu na ukaze nati. Chungulia pia plagi za chini ya kiti, maana soda na maji ya kuoshea gari huishia humo. Unga wa kijani kwenye pini unatosha kukupa jibu.

Dhana: Fyuzi ikikatika mara kwa mara, weka kubwa zaidi.

Usithubutu. Fyuzi inalinda waya, na waya ukizidiwa unaweza kuwaka chini ya zulia usione kitu. Kama inakatika kiti kikifika sehemu fulani tu, kuna waya unaosagwa na reli na kupiga shoti.

Dhana: Kiti kilichokata kisha kikarudi chenyewe kimepona.

Mifumo mingi ina kinga ya joto inayokata mota ikizidiwa na kurudisha ikipoa. Kinga imefanya kazi yake. Uzito ulioilazimisha bado upo, na mara nyingi ni reli kavu.

Dhana: Plagi zote za chini ya kiti ni za kiti.

Za njano kwa kawaida ni za mfuko wa hewa au za kukazia mkanda. Usiziguse kwa mita wala testa. Kabla ya kuchomoa chochote, zima gari, ondoa hasi ya betri, na usubiri muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari. Betri ikirudishwa, baadhi ya viti husahau nafasi vilizohifadhi au hukataa kujipanga hadi vifundishwe upya kwa utaratibu wa kitabu hichohicho, kwa hiyo usikimbilie kufungua tena.