Darasa kimya si darasa lililoelewa: dhana potofu kuhusu kufundisha sayansi na hisabati

Dhana: Mwalimu akieleza vizuri ubaoni, kazi imekwisha.

Mwaka 2014, Scott Freeman na wenzake walijumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Wanafunzi wa madarasa ya kusikiliza tu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 zaidi ya wale waliofanya kazi darasani.

Mwalimu wa Likoni au Changamwe, Mombasa, hahitaji kompyuta kuanza. Uliza: meli imetia gati bandari ya Kilindini, kreni zinashusha makontena. Nguvu ya maji inayoisukuma meli juu (A) inaongezeka, (B) inapungua, au (C) haibadiliki?

Wape dakika moja ya kufikiri kimya, kisha wote wainue kadi za herufi kwa mpigo. Wakiinua mmoja mmoja, watamfuata yule anayejulikana kuwa hodari, nawe hutajua nani ameelewa. Waliopata jibu sahihi wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, kila mmoja ajadiliane dakika mbili au tatu na jirani aliyechagua jibu tofauti, kisha wapige kura tena. Chini ya 30, fundisha upya. Mjadala hapo ni kubahatisha tu. Usitaje jibu kabla ya kura ya pili, maana ukilitaja hakuna atakayejisumbua kujenga hoja.

Jibu ni B. Anayechagua A ameona meli inapanda, akadhani imesukumwa zaidi. Chombo kinachoelea husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wake. Uzito ukipungua, nguvu hiyo nayo hupungua. Kosa hilo lina thamani kubwa kwa mwalimu, kwa kuwa linaonyesha fikra za mwanafunzi.

Dhana: Asiyejibu upesi hajui.

Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe aligundua kuwa walimu, wakishauliza swali, husubiri jibu takriban sekunde moja tu. Wakisubiri tatu, majibu hurefuka na wanafunzi zaidi hushiriki. Subiri pia baada ya jibu, kabla ya kusema "vizuri".

Dhana: Kila mtoto ana mtindo wake wa kujifunza, wa macho au wa masikio.

Ushahidi wa kutosha haupo. Mchoro wa sakiti ya umeme unawafaa wote.

Dhana: Kurudia kusoma daftari ndiko kunakokaza somo.

Katika jaribio la Roediger na Karpicke la 2006, waliorudia kusoma waliongoza baada ya dakika tano. Baada ya wiki, waliojipima bila kutazama ndio waliokumbuka zaidi. Basi fungua kipindi kwa maswali matatu ya wiki iliyopita, madaftari yakiwa yamefungwa. Usiandike maksi: zikiandikwa, wataanza kuibiana majibu.