Je, wajua kwa nini medali 6 za India zilizidiwa na 1 ya Pakistan?

Agosti 2024, kwenye Olimpiki ya Paris, Arshad Nadeem wa Pakistan alirusha mkuki mita 92.97 akatwaa dhahabu. Neeraj Chopra wa India akafikisha mita 89.45, akapata fedha. Pakistan haikuambulia medali nyingine yoyote. India ilirudi nyumbani na sita: fedha hiyo moja na shaba tano. Lakini fungua jedwali la mwisho uone: Pakistan ya 62, India ya 71.

Sababu ni kwamba jedwali hili halijumlishi. Linauliza dhahabu kwanza, na mwenye nyingi anakaa juu. Fedha huangaliwa pale tu dhahabu zinapolingana, na shaba pale fedha nazo zinapolingana. Ni kama kutafuta neno kwenye kamusi: herufi ya kwanza ikitofautiana, ya pili huna haja nayo. Vyombo vingi vya habari vya Marekani hupanga kwa jumla ya medali, na ndiyo maana mwaka 2008 Marekani ilionekana kuongoza huko kwao ilhali kwingineko China ndiyo iliyokuwa kileleni. Mkataba wa Olimpiki wenyewe unasema mashindano ni kati ya wanamichezo, si kati ya nchi. Nani anasikiliza?

Ukitaka kuuona utaratibu huu ukifanya kazi, utengeneze mwenyewe kwenye lahajedwali, Excel au nyingine yoyote. Safu A weka nchi, B dhahabu, C fedha, D shaba. Kisha kwenye seli E2 andika:

=B2*1000000+C2*1000+D2

Pakistan inapata 1,000,000. India inapata 1,005. Kenya, iliyovuna dhahabu 4, fedha 2 na shaba 5, inapata 4,002,005, na ukiisoma namba hiyo toka kushoto bado unaziona medali zenyewe. Kwenye F2 weka =RANK(E2,E$2:E$100), buruta hadi chini, nafasi zinajipanga. Ukiwa umeingiza nchi zote, Kenya itatokea ya 17.

Kwa nini elfu, isiwe kumi? Jaribu kumi, yaani dhahabu mara 100, fedha mara 10. Uholanzi yenye 15-7-12 inapata 1,582. Uingereza yenye 14-22-29 inapata 1,649, inaruka juu ya Uholanzi iliyoizidi dhahabu. Fedha 22 zimekuwa 220, zimefurika na kuingia kwenye nyumba ya dhahabu. Kosa hili ni baya kwa sababu kompyuta hailalamiki. Unapata jedwali safi, lenye uongo.

Botswana, Chile, Saint Lucia na Uganda zote zilimaliza na dhahabu moja na fedha moja. Fomula inazipa 1,001,000 kila moja, na RANK inaziweka zote nafasi ya 55, kisha anayefuata anakuwa wa 59. Usihangaike kutafuta 56, haikupotea.

Ushauri wangu mmoja: usiandike jumla kwa mkono. Tengeneza karatasi ya pili, iite Orodha, kila medali mstari wake: mchezo, nchi, aina. Halafu kwenye B2 acha hesabu ijifanye:

=COUNTIFS(Orodha!B:B,A2,Orodha!C:C,"Dhahabu")

Kwenye C2 na D2 weka fomula hiyo hiyo, ila mwishoni andika "Fedha" na "Shaba". Medali huhama hata miaka ikipita. Beijing 2008, Asbel Kiprop alimaliza wa pili mita 1500, kisha Rashid Ramzi wa Bahrain akanaswa kwa dawa za kusisimua misuli, dhahabu ikaenda kwa Mkenya. Kwenye Orodha, kwa upande wa Kenya, unabadilisha neno moja tu, Fedha kuwa Dhahabu, na safu zote mbili, ya dhahabu na ya fedha, zinajirekebisha. Ila chunga nafasi iliyojificha mwishoni mwa neno: "Kenya" na "Kenya " kwa kompyuta ni nchi mbili.

Na Tanzania? Medali zake ni mbili, zote za Moscow 1980: Filbert Bayi, mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui, mita 5000. Fedha mbili, fomula inatoa 2,000. Ingeipita India ya Paris.