Ukihisi umenyimwa kazi kwa sababu ya ulemavu

Wengi wanaoniletea kesi za namna hii huanza na swali moja: niwashtaki? Mimi huuliza kwanza kama waliyoambiwa wameyaandika.

Ni nadra mwajiri kuandika barua ya "hatuajiri viziwi". Ubaguzi huja kwa maneno laini, tena ya mdomo: "kazi hii itakuchosha", "wateja wetu hawajazoea". Wiki ikipita, kila mtu anayakumbuka kivyake. Yaandike siku hiyohiyo: nani alisema, nani alikuwepo, ulijibu nini. Hifadhi pia tangazo la kazi kabla halijafutwa, maana sifa zilizotajwa humo ndizo zitakazopima kama ulistahili.

Kisha mwandikie mwajiri baruapepe fupi, isiyo na hasira, umuulize sababu ya uamuzi wake. Kama uliomba mkalimani wa lugha ya alama au muda wa ziada kwenye mtihani ukanyimwa, litaje hilo waziwazi. Wala usijione unaomba hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unahesabu kunyimwa marekebisho yanayofaa, yaani mabadiliko kama hayo ya mkalimani au muda wa ziada, kuwa ni ubaguzi (ibara ya 2), na ibara ya 27 inagusa ajira tangu hatua ya kuajiri. Mwajiri anaweza kujitetea kwamba marekebisho yangemwelemea kupita kiasi. Sawa, aeleze ni kiasi gani. Kwa niliyoyaona, wengi wanaosema "ni ghali" hawajapiga hesabu yoyote.

Maswali ya afya kwenye usaili yana utata wake. Sheria ya Marekani ya 1990 kuhusu watu wenye ulemavu inakataza kumuuliza mwombaji kuhusu ulemavu wake kabla ya kumpa ofa, ila inaruhusu kumuuliza kama anaweza kufanya majukumu ya kazi. Popote ulipo, rudisha mazungumzo kwenye kazi yenyewe: "Nikiwa na programu ya kusoma skrini, ripoti hizi naziandaa hivi."

Halafu kuna muda wa kulalamika kwenye chombo cha serikali. Marekani ni siku 180, zinazofika 300 katika majimbo mengi, na malalamiko ya ndani ya kampuni hayaisimamishi hesabu hiyo. Ulizia mapema muda wa kwenu.

Na amua unachokitaka. Fidia inaweza kusubiri. Usaili wa pili hausubiri, kwa hiyo uombe kabla nafasi haijajazwa.