Ati mara moja tu

Kwa kazi yangu mimi ni mtu wa kukaa pembeni. Watu au ofisi zikilalamika kwamba kazi haziishi, naitwa, navuta kiti nyuma ya mtu, nashika saa na daftari, na siku nzima naandika: saa fulani kafungua hiki, saa fulani kaacha, kainuka, karudi. Jioni tunalisoma daftari pamoja. Wiki iliyopita nilisoma hivyo na mhasibu mmoja makini sana, na tulipofika saa nne hadi saa tano asubuhi nikamwonyesha kwamba alishika simu mara saba. Mhasibu ni mhasibu, akapiga hesabu palepale: kila mara kama dakika moja, jumla dakika saba katika dakika sitini.

"Si kitu, mwalimu. Nilikuwa naangalia mara moja tu."

Sentensi hiyo nimeisikia kwa madaktari, kwa wanafunzi wa uzamili, kwa waandishi wa programu, na kinywani mwangu mwenyewe. Safari hii imenifika shingoni.

Tulichagua moja kati ya hizo saba tukaifuatilia. Saa nne na dakika ishirini na mbili alikuwa akitafuta kwa nini jumla mbili zimepishana kwa 270. Wahasibu wana ujanja wao wa zamani: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, shuku kwanza tarakimu zilizobadilishana nafasi, kama mtu aliyeandika 360 badala ya 630. Alikuwa ameshafika hapo. Nilijua kwa sababu alinong'ona "tisa", na kalamu ikaanza kushuka kwenye safu ikitafuta namba iliyogeuzwa. Simu ikatetema. Picha ya mtoto wa dada yake, kavaa kofia iliyomfunika macho. Akatabasamu, akajibu kwa neno moja, akailaza simu kifudifudi. Sekunde arobaini. Kalamu iliporudi haikurudi pale ilipokuwa; ilipanda juu kabisa ya safu na kuanza kujumlisha upya. Ile "tisa" ilimrudia dakika kumi na moja baadaye.

Hizo dakika kumi na moja hazimo kwenye hesabu yake ya dakika saba, na hawezi kuziingiza kwa sababu hakuziona. Alikuwa ameinama, kalamu inatembea, jasho linamtoka. Ukimwuliza atakuapia kwamba alikuwa kazini, na kweli alikuwa kazini. Kosa ni kudhani usumbufu hupimwa kwa urefu wake, kana kwamba umakini ni bomba la maji: limefungwa dakika moja, limefunguliwa, maji yanatoka kwa kasi ileile. Kazi ngumu haichotwi hivyo. Kichwa kimeshika vitu kadhaa kwa pamoja (tarakimu, shaka, hatua inayofuata, kile ulichokwisha kukikataa) na hakuna hata kimoja kilichoandikwa popote. Ukigeuka vinaanguka, na kichwa hakina adabu ya kukuarifu kimeangusha nini.

Hili limepimwa. Mwaka 2014 Erik Altmann na wenzake wa Marekani walichapisha jaribio ambamo watu walifanya hatua za kazi kwa mpangilio maalumu, wakikatizwa mara kwa mara kwa kitu kidogo cha kuchapa. Kukatizwa kwa wastani wa sekunde 2.8 kulitosha kuongeza makosa ya mpangilio maradufu. Sekunde 4.4, mara tatu. Sekunde, jamani. Mwaka uliofuata Cary Stothart na wenzake wakaonyesha kwamba hata mlio wa simu ambayo mtu hakuigusa wala kuitazama huharibu kazi inayodai umakini. Na mwaka 2009 Sophie Leroy alikuwa ameshatupa jina la jambo lenyewe: mabaki ya umakini. Ukiacha kazi moja ukaingia nyingine, sehemu ya akili hubaki kule ulikotoka, hasa kama uliiacha haijakamilika. Mshika mawili moja humponyoka, tunajua sote. Tunachosahau ni kwamba hata ukiachia moja makusudi, kiganja hubaki na unyevu wake.

Sasa, kabla hujakimbilia sehemu ya maoni: najua utaniletea dakika 23. Kila ninapozungumza juu ya haya kuna mtu ananyosha mkono kwa furaha na kusema, "Utafiti umethibitisha ubongo unahitaji dakika 23 kurudi kwenye umakini." Haukuthibitisha hivyo. Takwimu za namna hiyo zinatokana na kazi ya Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, ambaye pamoja na wenzake walifanya kama ninavyofanya mimi, ila kwa ustadi zaidi: waliwafuata wafanyakazi ofisini wakiwa na saa. Waliona kwamba kazi iliyokatizwa, kama ilirejewa siku ileile, ilirejewa baada ya dakika ishirini na kitu kwa wastani. Lakini katikati hapo mtu hakuwa amekaa akisubiri ubongo upate moto kama injini. Alikuwa amepitia kazi nyingine mbili hivi kabla ya kurudi! Huo ni muda wa kuzunguka. Anayekwambia kila mlio wa simu unakula dakika 23 azidishe kwa milio yake ya siku nzima, aone kama hatapata siku yenye saa arobaini.

Yule samaki wa mitandaoni mwenye umakini wa sekunde tisa, eti binadamu ameshuka hadi sekunde nane, sitamgusa. Ile ripoti ya tawi la Microsoft la Kanada ya mwaka 2015 iliyomsambaza haikuwa na utafiti wowote wa maana nyuma ya hiyo namba. Tuendelee.

Gloria Mark huyohuyo ana matokeo yanayoniumiza mimi. Mwaka 2008 yeye na wenzake waliwapa watu kazi ya kujibu barua pepe, wengine wakakatizwa, wengine wakaachwa. Waliokatizwa walimaliza *mapema* zaidi, na ubora wa kazi haukushuka. Kilichopanda ni msongo wa mawazo, hisia ya kubanwa na muda, na juhudi waliyoona wameitumia. Yaani watu hufidia: wakijua watakatizwa, wanakimbia. Kwa muda mrefu sikuwaeleza wateja wangu jambo hili kwa sababu lilikuwa linanivurugia hadithi. Leo nadhani linategemea kazi yenyewe. Barua pepe fupi haikushikishi vitu vingi kichwani. Kutafuta 270 kunakushikisha. Lakini hiyo ni dhana yangu tu, msiitembeze.

Jambo la pili linalofuatana na "mara moja tu" ni lile la mtu anayezinduka, akaenda upande wa pili: "Nimeelewa mwalimu, nitaizima simu kabisa." Hewala. Mmoja wa wateja wangu aliifungia simu kwenye droo na ufunguo akampa mwenzake. Asubuhi ile daftari langu lilisoma hivi: aya moja, kisha kapanga mafaili kwa herufi, nusu aya, kisha kafuta barua pepe za zamani, sentensi mbili, kisha kasimama dirishani, neno moja, kisha kabadilisha ukubwa wa herufi. Simu iko drooni imelala kama malaika.

Karibu nusu ya kukatizwa kote, katika tafiti za ofisini na katika daftari langu pia, mtu hujikatiza mwenyewe. Hakuna aliyemwita. Na mtu hajikatizi popote tu. Nikipitia kurasa zangu za miaka hii yote, naona hutokea pahali palepale: kazi inapofika kwenye hatua isiyojulikana. Sentensi imekwisha na inayofuata haipo. Hesabu imegoma. Jibu la kumwandikia bosi ni chungu. Hapo mkono huanza kutafuta mlango, na simu ni mlango ulio karibu zaidi tu. Ukiufunga huo, mkono utafungua dirisha. Ndiyo maana namwambia mtu anioneshe kwanza sentensi aliyokuwa nayo alipoinuka, ndipo tuzungumze juu ya simu. Mara nyingi sentensi ile ndiyo mgonjwa.

Je, simu ikae wapi basi? Kuna utafiti mashuhuri wa mwaka 2017, wa Adrian Ward na wenzake, uliosema kwamba simu ikiwa mezani tu, imezimwa mlio, imelala kifudifudi, inapunguza uwezo wa kufikiri. Niliupenda, nikauhubiri. Waliojaribu kuurudia baadaye hawakupata picha moja. Wengine hawakuona athari yoyote. Bado naiweka yangu chumba kingine, kwa mazoea zaidi kuliko kwa ushahidi. Arifa ninazipokea kwa mafungu, mara tatu kwa siku, na hapa nina pa kuegemea: jaribio la mwaka 2019 la Nicholas Fitz na wenzake lilikuta waliopelekewa arifa kwa mafungu matatu walijisikia watulivu na wenye kufanya kazi vizuri zaidi, ilhali waliozimiwa zote moja kwa moja walipata wasiwasi zaidi. Zile zilizozimwa zilikuwa zinalia kichwani.

Kipimo cha ukweli wangu lakini kiko hapa: kwa miaka mingi nilifundisha kwamba nia, yaani nguvu ya kujizuia, ni kama mafuta ya taa, inaungua asubuhi na jioni chupa ni tupu, kwa hiyo usiipoteze kwa vishawishi vidogo. Nilichora hata grafu. Mwaka 2016 maabara 23 zilifanya jaribio moja la kupima wazo hilo, zaidi ya washiriki elfu mbili, na athari waliyoipata ilikuwa karibu na sifuri. Grafu nimeitupa. Kama ulihudhuria mafunzo yangu kabla ya hapo, uniwie radhi.

Kilichobaki mkononi, baada ya kutupa hivyo vyote, ni kitu kidogo cha kutia aibu: karatasi. Kabla hujageuka, kwa sababu yoyote ile, iwe moto, iwe mtoto, iwe bosi, andika maneno matatu ya kile ulichokuwa unataka kufanya *baada ya hapo*. Usiandike ulipofikia, hapo utapaona mwenyewe. Mhasibu wangu angeandika "9, safu ya tatu" na zile dakika kumi na moja zingekuwa moja. Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba mtu mwenye jambo lisilokamilika akiliwekea mpango mahsusi, huacha kusumbuliwa nalo akiwa kwenye kazi nyingine, hata kama jambo lenyewe bado halijafanyika. (Baumeister ndiye baba wa lile wazo la mafuta ya taa. Kwa hiyo hata hili nalishika kwa vidole viwili. Lakini daftari langu liko upande wake.)

Karatasi ina mipaka. Inasaidia kazi yenye hatua. Kwa mtu anayewazia mgonjwa aliye nyumbani sijaona maneno matatu ya kumwandikia. Na kuna kazi ambazo kukatizwa ndiyo kazi yenyewe. Muuguzi wa zamu hawezi kuwaambia wagonjwa waje kwa mafungu matatu.

Hao ninawaelekeza kwa marubani. Mwaka 1981 Marekani iliweka kanuni kwamba ndege ikiwa chini ya futi 10,000, ikipaa au ikishuka, marubani wasizungumze wala kufanya lolote lisilohusu usalama wa kuiendesha. Ilitanguliwa na ajali, mojawapo ya mwaka 1974 karibu na Charlotte, ambapo marubani walikuwa wakipiga soga huku ndege inashuka kwenye ukungu. Ninachokipenda ni kile ambacho kanuni haikukataza. Haikuwaziba midomo safari nzima. Huko juu, ndege ikiwa imetulia, soga ruksa. Walitafuta vipande ambavyo kukatizwa kunaua, wakavilinda hivyo tu. Muuguzi anayepima dozi ana chini ya futi 10,000 yake, dakika tatu. Mhasibu anayetafuta 270 anayo pia. Anayetaka kuilinda siku nzima atashindwa kabla ya adhuhuri, na mimi nitaandika saa aliyoshindwa.

Ile saa ya dakika 25 mnayoipenda, ile mbinu ya Pomodoro ya kufanya kazi hadi saa ilie kisha kupumzika kidogo, nayo niiguse haraka. Francesco Cirillo aliianza akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Ni zana nzuri ya kumwanzisha mtu aliyegoma. Lakini 25 si kanuni ya ubongo, na nimeshuhudia ile saa ikilia mtu akiwa ndio kwanza amekamata wazo, naye kwa utiifu akainuka kwenda kunyoosha miguu. Nikaandika kwenye daftari: kakatizwa na dawa.

Jana mhasibu alinipigia kuniuliza afanye nini mtu akimsimamia mezani na kusema "samahani, dakika moja tu". Nikamweleza ninavyofanya mimi: nainua kidole bila kuinua macho, namalizia mstari, naandika yale maneno matatu, ndipo nageuka na kusema karibu. Inachukua kama sekunde kumi. Akaniuliza watu hawanuni? Wananuna.